Fundi na Samaki Asiowala

Samaki wa Fundi niliwala utotoni mpaka nikawachoka, na hata leo sijui kama yule mzee namshukuru au namkasirikia. Mama yangu yeye alijua. Alimkasirikia miaka nenda miaka rudi, kimyakimya, na alikuwa na swali moja tu la kumuuliza: ulijua? Alihama nalo kutoka kambi ya shamba la chai mpaka chumba chetu cha kupanga pale soko la Kiptere. Nikimwambia, "Mama, si uende umuulize yaishe," ananikata hapo hapo. "Aseme mwenyewe. Mdomo anao."

Kambi nzima ilimwita Fundi. Hata pasta akimwombea pale mbele alisema "mtumishi wako Fundi", kana kwamba Mungu naye hana jina lingine la kumjulia. Alikuwa wa gereji ya shamba, mtu wa matrekta, pampu za dawa na chochote chenye injini. Mkipsigis mrefu, mkavu, ovaroli ya buluu Jumatatu mpaka Jumamosi, na Jumapili ukimpata ametoka kanisani, ovaroli tena. Nyumba yake ilikuwa ng'ambo ya mto, yeye na bibi yake na ng'ombe wao, lakini njia yake ya kwenda kazini ilipita mlangoni petu. Sisi tulikuwa watu wa ziwani. Mama alikuja kuchuna majani chai akiwa msichana, akanizalia hapo hapo kambini, akaendelea kuchuna.

Huyo mzee alitengeneza redio za watu, baiskeli, majiko, miguu ya vitanda. Mlango wa nyumba yake mwenyewe ulifungwa kwa waya. Ukimwambia, "Fundi, mlango wako aibu," anacheka tu, "Huo tumezoeana." Misumari iliyopinda alinyoosha kwa jiwe akaweka mfukoni. Alikuwa mzee wa kanisa, na akishika maombi watoto wanalala, wanaamka, bado anaomba. Lakini ukimuuliza swali fupi la ana kwa ana, anaangalia viatu vyako.

Uvuvi aliutoa kwa Mjapani. Huyu alikuja nikiwa bado shule ya msingi, pamoja na masanduku ya mashine mpya, akakaa katika nyumba ya wageni ya shamba kuwafundisha watu kuitumia. Alipenda mahindi ya kuchoma na aliogopa mbwa kupita kiasi. Jumapili alichukua fimbo akashuka mtoni. Mto wetu ni wa maji baridi yanayotoka msituni, na ndani mna trauti, samaki wa madoadoa ambao wazungu wa zamani waliwaleta na kuwaacha. Sisi hatukuwajali. Mama aliwaita vitoto vya samaki.

Fimbo ya Mjapani ilikuwa ya kuchomoa, kipande ndani ya kipande kama eriali ya redio, na haikuwa na kile kigurudumu cha kuzungushia uzi. Uzi umefungwa nchani tu, urefu wake unazidi fimbo kidogo, na mwisho wa uzi kuna ndoano iliyovishwa manyoya ifanane na mdudu. Basi, hakuna kingine. Hakuna chambo, hakuna mkoba wa vyuma. Fundi akaitazama Jumapili ya kwanza, akasema, "Hii hata mimi naweza kutengeneza." Hiyo ndiyo iliyokuwa shida yake maishani. Akiona kitu kinafanya kazi, hapati usingizi mpaka naye akifanye.

Fimbo ya kwanza ilikuwa mwanzi mbichi, nzito, ikapinda wiki hiyo hiyo. Ya pili ilivunjika akiwa anatuonyesha kwenye uwanja wa kambi, na watu wakacheka mpaka wakakaa chini. Ya tatu aliianika juu ya moshi jikoni kwa bibi yake mpaka ikawa nyepesi na ya rangi ya chai, akainyoosha kwa makaa na kitambaa chenye maji, akazungushia tyubu ya baiskeli pale pa kushikia. Uzi wa cherehani ulilowa ukajisokota wote. Akachukua nyuzi za nailoni, akazisokota pamoja kwa drili ya gereji, nene upande wa fimbo na nyembamba upande wa ndoano, ili uzi ukirushwa ujikunjue wenyewe. Siku ya kuujaribu alinasa kofia ya nyapara. Nyapara hakucheka, sisi tulicheka kwa niaba yake.

Ndoano alitoa kwa mama. Mama akienda kwao ziwani alimletea zile ndogo kabisa, akizifunga kwenye pindo la leso asizipoteze. Na manyoya pia yalikuwa ya kwetu. Tulikuwa na jogoo mwekundu mwenye shingo ya kung'aa, na Fundi akipita alimwangalia kwa macho ya mapenzi. "Fundi, wacha jogoo wangu!" mama alikuwa akipiga kelele. "Utamwacha uchi!" Yule jogoo alipochinjwa, mama aliweka ngozi yote ya shingo ndani ya kibati cha mafuta, akampa Fundi kama zawadi. Fundi alikipokea kwa mikono miwili.

Mdudu wake alikuwa wa aina moja tu. Alifunga manyoya yaangalie mbele, siyo nyuma, ili ukitikisa fimbo kidogo yafunguke na kufunga, mdudu aonekane anahema. Nilimuuliza kwa nini asitengeneze wa rangi nyingine. "Ya nini? Huyu nimeshamjua. Mbaya ni mkono wangu, mdudu hana makosa."

Nilimfuata mtoni mara moja moja. Alitembea akipanda mto, kwa sababu samaki huangalia maji yanakotoka na mtu akija kwa nyuma hamwoni. Alipiga magoti kwenye nyasi zenye umande, mzee mzima, magoti yamelowa, na kurusha kwenyewe kulikuwa kidogo sana, mkono tu, kama mtu anayefukuza nzi mezani. Wadogo aliwarudisha, na kabla ya kuwashika alilowesha viganja kwanza wasichubuke. Niliona hilo nikampenda. Nalisema wazi, kwa sababu nitasema na mengine.

Wakubwa aliwapitisha unyasi kwenye mashavu, akawaning'iniza kwenye msumari wa mlango wetu. Yeye hakuwala. Wakipsigis wa umri wake wengi samaki si chakula kwao. Bibi yake alikuwa na vibuyu vyake vya mursik, yale maziwa yao ya kugandisha, na alishatangaza kwamba harufu ya samaki ikigusa kibuyu kimoja, yeye anarudi kwao. Kwa hiyo Fundi alinawa kwa mchanga na majani mpaka viwiko kabla hajavuka kwenda nyumbani. Mama alimchokoza kila mara.

"Wewe mzee, unaua kitu na huli?"

"Mama Akinyi, mimi nitavua. Kula ni kazi yenu."

"Hata kuonja?"

"Kile kitu kina macho," alisema, akaondoka haraka, na mama akacheka huku akipasha mafuta.

Sasa ile mashine. Kuchuna kwa mkono ni vidole, majani mawili na kichipukizi, unatupa nyuma kwenye kapu. Ile mashine ni wembe mrefu uliopinda, wenye injini, unaopita juu ya mstari wa chai kama mashine ya kinyozi, na upepo wake unapuliza majani mpaka ndani ya mfuko mrefu kwa nyuma. Inashikwa na watu wawili, mmoja kila upande wa mstari, na hao wawili lazima walingane urefu. Wasipolingana inaegemea upande mmoja, inakata miti vibaya. Fundi alikuwa mrefu. Katika kambi yote aliyelingana naye, na mwenye mkono usiotetemeka, alikuwa mama yangu.

Basi mama akashika mashine. Alinunua gambuti mpya. Kwa macho yangu nilimwona akitembea na Fundi mstari kwa mstari, chai katikati yao, hatua sawa, na hakuna aliyehitaji kumwambia mwenzake ainue au ashushe. Mjapani akawapigia makofi. Baadaye akaondoka, na mashine zikabaki mbili, zikaitwa za majaribio. Majaribio hayo yalikaa miaka, mpaka mimi nikaingia sekondari.

Akina mama wengine walikuwa na wasiwasi. Walimzunguka Fundi akisafisha wembe, wakamuuliza, "Hii kitu itatutoa kazini?" Naye, macho kwenye kitambaa cha mafuta, "Ni ya majaribio tu." Mama naye alishamuuliza, akapewa jibu hilo hilo. Walipoenda kwa mama, mama aliwakemea. Aliwaambia, "Mimi ndio naishika kila siku. Ingekuwa na ubaya si ningejua? Pelekeni watoto shule, muache uvumi." Rafiki yake mkubwa, Mama Kerubo, Mkisii wa mlango wa tatu, alikuwa akifikiria kurudi kwao mapema akaanze biashara huku bado ana mshahara. Mama akamtuliza. Akabaki.

Mashine nyingi zikaja kwa lori. Majina ya wanaotolewa kazini yakasomwa kwa zamu, na likasomwa la Mama Kerubo, na la mama pia, maana vijana wa kiume walishafundishwa kushika. Tukaambiwa tutoke kwenye nyumba za kambi. Siku ya kufunga mizigo, akina mama walipita mlangoni petu bila salamu. Mama Kerubo alisimama, akamwangalia mama yangu kuanzia zile gambuti mpaka usoni. Akasema, "Wewe na Fundi wako mlijua." Akaenda zake.

Hilo neno lilimuumiza mama kuliko kazi. Kazi mtu hupata nyingine. Alianza kuuza omena, wale dagaa wa ziwani, pale Kiptere, na kwa balaa lake Mama Kerubo naye akaja kuuza ndizi meza ya pili kutoka hapo, na hao wawili wakakaa miaka wakielekezana wateja kwa ishara ya kidevu, hawasemeshani. Mama hakuwa na namna ya kujisafisha. Mtu pekee aliyeweza kusema kwamba yeye hakujua alikuwa yule aliyejua, kama kweli alijua, na huyo alikuwa ng'ambo ya mto akiomba maombi marefu.

Na samaki hawakukoma! Hapo ndipo mzee alipotaka kunitia wazimu. Ameshastaafu, mguu mmoja unauma, lakini anapanda mpaka Kiptere, anatundika samaki kwenye kitasa chetu, anashuka. Habishi hodi. Mama akifungua, anamchukua samaki kwa unyasi wake anampa paka wa mwenye nyumba. Yule paka alinenepa akawa hawezi kuruka. Siku moja nilimkuta Fundi anatundika, nikamwambia bila adabu, "Mzee, si useme kitu badala ya kuleta samaki?" Akaangalia viatu vyangu. "Huyu ni wa leo asubuhi," akasema. Nilitaka kulia kwa hasira.

Halafu msimu huu wa mvua ukapita, hakuna samaki. Kila asubuhi mama akifungua aliangalia kitasa kwanza. Paka akaja akalia, mama akamfukuza kwa ufagio. Jumapili moja baada ya ibada akavua viatu vizuri, akavaa gambuti. Zile zile. "Twende," akaniambia. Nikamfuata.

Tulimkuta chini ya daraja la miti, mahali ambapo maji yanatulia kidogo. Alikuwa amekaa juu ya jiwe kwa sababu magoti yamekataa. Alikuwa amepungua sana, shingo imekuwa nyembamba ndani ya ovaroli. Fimbo ni ile ya tatu, nyeusi sasa kwa miaka. Alirusha, na mkono ulikuwa bado ule ule, kidogo vile vile. Lakini mama alimwangalia mdudu alipotoka majini, na mimi nikamwona pia. Alikuwa ndoano tupu na unyoya mmoja wa upande.

"Mdudu wako amenyonyoka," mama akasema.

Fundi hakushtuka. "Macho hayaoni tundu la ndoano tena. Nimefunga huyu kwa kupapasa." Akavuta uzi mkononi, kisha, "Karibu, Mama Akinyi."

"Sijakaribia. Nimekuja kukuuliza kitu." Nikamshika kiwiko, akaniondoa mkono. "Wakati tunashika ile mashine, wewe huku na mimi huku. Ulijua ni kazi yetu sisi inakuja kuchukua?"

Nilitegemea aangalie gambuti za mama. Na kweli aliziangalia, muda mrefu. Kisha akainua uso.

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu Mjapani yuko hapa. Alikuwa amesimama pale." Akaonyesha kwa fimbo mahali penye jiwe bapa. "Aliniuliza, hawa akina mama wataenda kufanya kazi gani? Kiingereza chake kilikuwa kibovu, changu pia, lakini nilielewa. Nilielewa vizuri sana."

"Ukamjibu nini?"

"Nikamwonyesha samaki. Nikamwambia, angalia, yule pale." Akafuta pua kwa mkono wa ovaroli. "Ningekwambia, ungeiachilia ile mashine. Na hakuna mwingine wa kuishika na mimi. Nilitaka ifanye kazi, Mama Akinyi. Hiyo tu. Niliona inakata vizuri, nikataka ifanye kazi."

Mama alisimama pale. Nilifikiri atampiga, na sijui kama ningemzuia. Badala yake alishuka ukingoni, akachukua samaki wawili waliokuwa wamelala kwenye nyasi kando ya jiwe, akawaangalia kama wametoshana.

"Inuka," akamwambia. "Utayasema hayo Kiptere."

Tulimpandisha boda katikati yangu na dereva, mama akafuata na nyingine na samaki wake mkononi. Njiani nilisikia tu pumzi ya mzee kupitia mgongo wake. Kufika, mama akamketisha kwenye kigoda nje ya mlango, akawasha jiko, akaenda mwenyewe mpaka meza ya ndizi. Sijui alitumia maneno gani kwa mtu ambaye hawakusemeshana miaka yote hiyo. Mama Kerubo alikuja akijifuta mikono, uso umefungwa.

"Sema tena," mama akamwambia Fundi, huku anageuza samaki kwenye mafuta.

Akasema tena. Yote, mpaka yule samaki aliyemwonyesha Mjapani. Na mwisho akaongeza bila kuulizwa, "Huyu mama hakujua. Alikuwa ananiuliza kama nyinyi tu, na mimi nilimwambia kama nyinyi tu."

Mama Kerubo alikaa chini kwenye kizingiti. Alivuta leso akaifunga upya kichwani, akaifungua, akaifunga tena. "Miaka yote hii," akasema, na sikujua anamwambia nani kati yao.

Mama akapakua ugali sahani moja kubwa, akaweka samaki juu, akaisukuma mbele ya Fundi. Yeye akarudi nyuma kidogo na kigoda chake.

"Mama Akinyi, mimi—"

"Kula."

"Bibi yangu atasikia harufu."

"Atasikia. Utamweleza umetoka wapi." Mama alikuwa amesimama mbele yake, mikono kiunoni, macho yamejaa machozi ambayo hakuyafuta. "Umetulisha sisi miaka mingi. Leo ni kazi yako."

Fundi alinawa. Alimega tonge, akashika kipande cha samaki kwa ncha za vidole vile vile alivyoshika ndoano, akafumba macho, akaweka mdomoni. Alitafuna polepole sana. Mfupa ukamsumbua, akautoa, akauweka pembeni ya sahani kwa uangalifu, akameza. Sisi watatu tulimwangalia kooni.

"Ni mtamu?" Mama Kerubo akauliza.

Mzee alifikiria. Zamani angemwangalia viatu, angesema kitu cha kupendeza.

"Hapana," akasema. "Si mtamu hata kidogo."

Mama Kerubo ndiye aliyeanza kucheka, akajiziba mdomo kwa leso, haikusaidia. Mama hakucheka. Aliinama, akamchagulia kipande kingine cha mgongoni, kisicho na mifupa mingi.

"Haya, hiyo pia ni kweli," akasema, akamwekea. "Endelea."